Uzi Uliopinda Kwenye Kaburi la Baba

Shimba Hills, Jumapili ya pili ya Novemba. Ni miaka thelathini na nane tangu nitoke Makueni, na kumi na tisa tangu wewe uzikwe.

Mpendwa Mwaitu, mama yangu,

Mvua imeanza huko nyumbani. Niliisikia kwa simu, binti yako Mumbua aliponyamaza ili nisikie inavyopiga mabati ya jiko lake. Mtu mwingine angefurahi. Mimi nilishika ukingo wa kitanda, kwa sababu najua maji ya mabati hayo yanaelekea wapi.

Unakumbuka siku mwethya, kikundi chetu cha kusaidiana kazi kwa zamu, walipofika kwetu? Ulikuwa umechimba matuta kwenye mashamba ya wenzako kwa misimu mitatu, ukingoja zamu yako. Ulipika muthokoi sufuria mbili, ukafunga kitambaa chako cha kanisani kana kwamba tunapokea posa. Wanawake walipanda mteremko na majembe, wakiimba. Mimi, kwa kuwa nilikuwa nimemaliza shule, nilipewa kazi ya kusoma ile pimamaji ndogo ya kioo chenye kipovu, iliyoning'inia katikati ya uzi. Wewe ulishika fimbo upande mmoja wa uzi, Mama Kalondu upande wa pili.

"Msomi, hicho kipovu kinasema nini?" Mama Kalondu aliuliza.

"Kinasema upande kidogo."

"Kipovu ndicho kinasema, ama ni wewe unataka kuniona nikihema?"

Wote wakacheka. Nawe ukaniambia, "Musyoka, angalia kipovu. Usiangalie watu."

Nilikiangalia mpaka tulipofika kwa Baba. Kipovu kilitaka mtaro upite katikati ya kaburi lake. Ningesema tu, kazi ingesimama, tungeshauriana, mtaro ungekatizwa upande huu na kuanzwa upande wa pili. Mwethya huamua pamoja. Lakini niliona haya kukatiza wimbo wa watu wazima. Nikakwambia ushuke hatua mbili. Kipovu kilikimbilia pembeni ya kioo. Uliniuliza, "Hapo ni sawa kabisa?" Nikajibu, "Sawa kabisa."

Tuta lililo sawa hushika maji yakanywewa na shamba. Tuta lililoinama hugeuka mto. Mvua ya kwanza ilikimbia ndani ya mtaro wetu kutoka mwanzo hadi mwisho, ikabomoa kona ya chini, ikashuka na udongo wa mbaazi zako. Kufikia Krismasi mbuzi angeweza kujificha ndani ya korongo lile. Mwaka uliofuata, ng'ombe.

Walipokuja kuona, ulisema kabla sijafungua kinywa: "Ni mimi. Mkono wangu ulitetemeka kwenye fimbo."

Hukupewa fimbo tena. "Huyu mwacheni na koleo," Mama Kalondu alikuwa akisema, "akishika uzi atatupeleka Mto Athi." Ulicheka pamoja nao. Nami nilikuwa nimesimama hapo hapo, cheti changu cha shule kikiwa sandukuni, na sikusema neno.

Watu walidhani nilikuja huku kutafuta shamba lenye mvua. Nilikuja ili nisiwe nikipita kando ya korongo lile kila asubuhi. Nilikuahidi, "Narudi mwezi wa nane, tulizibe pamoja." Ulipanda mkonge ukingoni peke yako. Mumbua anasema mwingine bado unaning'inia kwa mizizi.

Korongo halikai mahali pamoja, Mwaitu. Hula kwenda juu, likirudia mahali maji yanapotoka. Mwaka juzi lilimla Baba, kaburi lile lile nililopinda uzi kulikwepa. Mumbua aliokota alichoweza akamzika upya karibu na mwembe wa jirani, kwa ruhusa yao. Sasa kutoka ukingoni hadi kwako ni hatua sita. Hadi jikoni kwake ni kumi na moja. Alizihesabu huku simu ikiwa sikioni, nami nikasikia kila hatua.

Na msaada upo! Hilo ndilo linaloninyima usingizi. Afisa wa kilimo wa wadi amekubali kuja kupima. Mwethya wamekusanya mawe, na anayewaongoza ni Kalondu, binti wa Mama Kalondu. Lakini unaijua desturi: jembe la kwanza hupigwa na mwenye shamba, na shamba bado lina jina langu.

"Kaka, wanauliza mwenye shamba ako wapi," Mumbua aliniambia.

"Waambie nakuja mwezi wa nane."

"Kaka, hata aibu huna. Huo mwezi wa nane ulianza Kalondu akiwa msichana, na sasa ni nyanya. Wakisikia unakuja, wanangoja. Wakingoja, shamba linaenda. Sema kitu kingine."

Ningeweza kujitetea kwamba walinikata mguu hospitalini mwaka jana, kwamba siwezi kusimama kwenye mteremko. Lakini miaka thelathini na saba nilikuwa na miguu miwili na sikuja. Niliogopa kona ile. Kila niliposema narudi, nilikuwa nalishikilia shamba kwa mkono mmoja na kulikata kwa mwingine.

Karatasi ya kumwachia Mumbua shamba nimeitia sahihi, mjukuu wangu ataipeleka kesho. Nimemwomba Mumbua aisome barua hii Jumanne, mbele ya mwethya, kwa sauti, kabla jembe halijainuliwa. Kalondu asikie, kwa niaba ya mama yake. Wajue kwamba mkono wako haukutetemeka. Aliyedanganya ni mimi.

Kisha Mumbua apige jembe la kwanza. Mwenye shamba yupo, amekuwepo siku zote. Wasiningoje.

Pumzika, Mwaitu, kama maji yatakuachia zile hatua sita.

Mimi sitarudi.

Mwanao wa kwanza