Baiskeli Yangu Siitoi

Chumba cha uani,
Nyumbani.
Jumapili, Machi 9.

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Natumaini goti lako limepoa, na zile ngazi za huko hazikutesi tena. Sisi hatujambo. Bibi bado anakohoa, lakini anakohoa huku akigomba, kwa hiyo hatuna wasiwasi.

Najua Baba amekupigia simu ili unikanye kuhusu baiskeli. Naomba unisikilize kwanza, maana mdomoni maneno huniishia, kwenye karatasi hayaniishii.

Tangu anunue gari, Baba anasema ni aibu binti yake kwenda shule kwa baiskeli. Jana akamwita fundi wa kona aje aichukue, akaifungue vipuri. Hakuniuliza. Nikaifunga kwa mnyororo kwenye nguzo ya uani, ufunguo nikautia ndani ya soksi.

"Kimya, unamwaibisha baba yako," Mama akasema. "Gari lipo, wewe unakanyaga pedali kama muuza mikate!"

"Mama, muuza mikate anafika anakotaka."

Shangazi, sijui sauti ile niliitoa wapi. Fundi alicheka mpaka akakaa juu ya sanduku lake la spana. "Mzee, huyu mtoto humuwezi," akasema, akaenda zake. Baba hajanisemesha tangu hapo.

Sisemi gari ni baya. Bibi alipobanwa na pumu siku ya mvua, gari ndilo lililomwahisha hospitali, nami nilishukuru. Lakini Baba alinunua gari ili awe huru, na sasa mwangalie! Asubuhi ni mshonaji wa jirani na mafurushi yake, jioni ni rafiki wa Kaka anayehamisha kabati. Juzi alitoka peke yake kwenda kupunga upepo, akarudi na abiria watatu na godoro juu ya paa. Akikataa, ataambiwa ana maringo. Gari lile ni la mtaa mzima, yeye ni dereva tu.

Na mimi humo ndani ni mzigo. Akinipeleka maktaba, hata rafu ya kwanza sijaimaliza, honi inalia. Wiki iliyopita nilinyakua kitabu chochote nikakimbia. Kufika nyumbani, kumbe ni ufugaji wa nyuki. Nimekisoma chote, si kibaya, lakini sikukichagua. Nikienda kwa baiskeli hukaa mpaka mkutubi aanze kufunga madirisha, kisha narudi kwa njia niitakayo, hata ya kuzunguka.

Gari hunipeleka. Kwa baiskeli najipeleka. Kama huo ni utovu wa adabu, basi kwa hili moja nimekubali kuitwa mtovu wa adabu. Kesho nakwenda nayo shule, hata Baba akinuna.

Msalimie sana mjomba na watoto wote. Bibi, Mama na Kaka wanakusalimu. Baba hajatuma salamu kwa sababu hajui kama naandika, lakini najua anakukumbuka.

Mungu akulinde na akuzidishie nguvu. Ukiona inafaa kunikanya, nikanye, nitasoma kila neno. Ila barua yako nitaifuata posta mimi mwenyewe, kwa baiskeli.

Mwanao akupendaye,
Kimya