Mama Bado Hajaridhia

Jumatatu, 3 Machi
Mdogo wangu, fundi wa friji, anataka kuwa mtawa wa Kibudha. Hatanii – pikipiki keshaigawa. Nimeripoti vita na chaguzi, hili sikulitarajia. Mtawa mkuu kamwambia hanyolewi kichwa, yaani haingii utawani, mpaka mzazi aridhie. Ndiyo kanuni yao ya kale. Mzazi tuliyebaki naye ni Mama. Kazi ipo!

Jumatano, 5 Machi
Mdogo wangu kamweleza Mama: maisha yana mateso, chanzo ni kung'ang'ania, dawa ni kuachilia, na njia ipo. Mama anachambua mchele.
"Na mimi nikitaka wajukuu, nang'ang'ania?"
Mdogo wangu naye kaanza kuchambua mchele.
"Jibu, mheshimiwa!"
Kidogo, Mama, akasema. Tumecheka hadi mchele ukamwagika. Nikaongeza nilichowahi kukiandika gazetini: wanasimulia kwamba Budha alimpokea mwanawe utawani, babu mtu akalalamika hakuulizwa, ndipo kanuni ikawekwa.
"Afadhali babu alikuwa na akili," kasema Mama.

Ijumaa, 7 Machi
Mama kaenda hekaluni kuwakagua watawa, na sufuria ya wali kichwani. Kafika saa kumi jioni! Watawa hawali baada ya adhuhuri. Najua; hakuniuliza. Mtawa mkuu kashukuru, hakugusa. Mama karudi kanuna: chakula chake kimekuwa sumu? Tumekila sisi. Kitamu.
Akiosha vyombo: "Lakini wanafagia vizuri." Kwa Mama, hiyo ni nishani.

Jumapili, 9 Machi
Saa tano asubuhi, naandikia hapa ukumbini, hekaluni. Viatu nje. Mama kaja na sufuria ileile – mapema safari hii. Watawa wamepita kimya na mabakuli. Hawaombi, hupokea wanachopewa. Wa mwisho mdogo wangu, mavazi meupe, nywele bado zipo.
"Nikuongeze?"
Kashikilia bakuli tu. Mama anamjua: upawa mmoja haujawahi kumtosha. Kaongeza. Kaongeza tena. Watu wanacheka chinichini. Mtawa mkuu kauliza kwa upole: Mama, umeridhia?
"Ngoja, baba, bado napakua."
Bakuli limejaa pomoni. Wembe uko kwenye sinia, pembeni. Mama kautazama. Kamtazama mwanawe kichwani, muda mrefu. Neno "ndiyo" sijalisikia, kwa hiyo siliandiki. Kaweka upawa chini. Anakunja mikono ya gauni.
"Maji yako wapi? Huyu tangu mdogo hanyolewi kavu, analia –"