Sola ya Gari ya Mama Yako

Mogogosiek

Chepkurui binti yangu,

Chamgei. Sisi tuko tu. Chai inachumwa, na yule ng'ombe mwenye pembe moja amezaa ndama jike. Kaka yako Kiplimo ametengeneza lango.

Sola uliyotuma ilifika. Nimeifunga juu ya mabati ya zizi, kwa sababu kwenye kioo cha gari haikupata jua. Ukungu wetu unaujua. Waya unashuka mpaka kwa betri na taa yake ndogo ya kijani inawaka. Gari haiendi popote. Mimi sijui kuendesha, na tangu tumzike mama yako hakuna mtu amekalia kiti chake.

Mbuthia, yule fundi wa Litein, alipita akacheka. "Mzee, toa hiyo betri uweke kwa nyumba. Gari imelala, unailisha ya nini?"

Kila asubuhi nafungua mlango, nainama, nazungusha ufunguo kidogo. Redio inaanza kwa ile sauti ya juu, kwenye stesheni ya nyimbo za kanisa, vile mama yako aliiacha siku ya mwisho akitoka kupeleka chai. Wachumaji wanaisikia mpaka kule mtoni. Wimbo ukiisha nazima, naenda kukamua.

Nilimuuliza Mbuthia kama betri ikitolewa redio itakumbuka. Akasema hapana, itasahau kila kitu.

Mawingu ya Julai yanaishinda hii sola. Ukipata kubwa kidogo, tuma.

Ni mimi baba yako,
Alexander