Oveni ya Kikambala na Jina la Mzee Kahindi

Kikambala,
Jumapili baada ya adhuhuri

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumai barua hii itakukuta mzima, na lile goti limekupunguzia maumivu tangu joto lianze. Mimi mwili wangu mzima, alhamdulillahi. Moyo ndio haujatulia. Nimeianza barua hii na kuichana, kwa sababu kila nikiianza najikuta nakueleza habari za mvua.

Bila shaka umeshasikia kwamba Mzee Kahindi alifukuzwa hapa hotelini akarudi kwao Tezo. Usiyashike uliyoyasikia, Mama. Nisikilize mimi.

Ile oveni mpya ya umeme niliyokusifia, yenye kidirisha cha nambari, ilianza kugoma asubuhi. Tukiiwasha inalia kama kifaranga, kidirishani inatokea F na 2 nyekundu, kisha inajizima. Tuliizima ukutani tukaiwasha tena, tukabadilisha fyuzi, wapi. Kijitabu chake kilisema tumwite fundi, basi. Fundi akaja kutoka Mombasa mchana, akaikuta inawaka vizuri. Akaifungua mgongoni, akabetua mabega, akasema pana mtu anayevichezea vitufe. Kesho yake, F2 tena. Wageni wakanywa chai bila mikate, na meneja akaingia jikoni uso umemwiva.

"Nani huiwasha asubuhi?"

"Mimi," akasema Mzee Kahindi. Yeye ndiye mwokaji, nani mwingine angeiwasha?

Akaambiwa achukue vitu vyake. Mtu aliyeniombea kazi hii, aliyekuahidi kwamba atanitazama kama binti yake Kadzo, alipita mbele yangu na mfuko wake wa nguo, akaniambia, "Lifunge vizuri gunia la unga, mwanangu, panya wasiingie."

Nami nikapewa nafasi yake.

Sasa nikuambie jambo lenyewe. Jioni, kazi ikiisha, aliyekuwa akiisafisha oveni ni mimi. Wenzangu hupangusa kwa kitambaa. Mimi sikuweza. Kwetu kitu hakiwi safi mpaka kipitiwe na maji, basi nikaimwagia maji kwa kopo, ndani na nje, mpaka kwenye vitufe, kisha nikaisugua ing'ae. Riziki, ninayefanya naye kazi, alikuwa akinitania: "Wewe unaogesha oveni au bwana harusi?" Nami nikaona ni sifa.

Mara tu Mzee Kahindi alipoondoka nilishikwa na homa. Siku hizo nilizolala hakuna aliyeiosha, na oveni ikawaka bila kulia. Jikoni wakasema, "Mwaona? Kahindi kaondoka na balaa lake." Nilipopona nikaiosha kama kawaida yangu. Alfajiri nikaiwasha peke yangu: F2. Nikasimama pale mkono ukiwa kwenye swichi, nikaelewa. Maji yalikuwa yakikaa nyuma ya vile vitufe, na fundi alipofika mchana, joto la jikoni lilikuwa limeshayakausha.

Unajua nilifanya nini, Mama? Nilichukua kitambaa kikavu, nikaupangusa kila upenyo, nikauacha mlango wake wazi, nikangoja. Wenzangu walipoingia, mikate ilikuwa imeshaanza kuumuka ndani. Tangu siku hiyo nikawa naipangusa tu, na oveni haikulia tena. Kila siku ikiwaka vizuri, Mzee Kahindi akazidi kuonekana mwenye makosa, na mimi nikaendelea kukanda unga wake. Hapo ndipo penye haya yangu. Ya maji ningeweza kuyabeba.

Mwishowe nilikwenda kwa meneja, nguo zangu nimeshazifunga. Alicheka mpaka akavua miwani. "Msichana msomi kama wewe, unauosha umeme kwa maji!" Akasema Kahindi aitwe arudi. Sikukaripiwa hata neno moja. Kwa jambo ambalo hakulifanya, Mzee Kahindi alifukuzwa. Mimi niliyelifanya nikachekewa.

Amerudi. Nilipotaka kumpigia magoti alinizuia. "Inuka, sakafu ina mafuta. Mimi nimekusamehe. Lakini kule Tezo wanasema niliiba, na kicheko cha meneja hakikufika huko. Mama Kadzo siku hizi huenda kisimani watu wakishaondoka."

Kwa hiyo ninakutuma mahali pagumu. Likizo sitapata mpaka wageni wapungue, na Mama Kadzo hasomi. Barua yangu ingesomwa na mtu mwingine, na angeisoma apendavyo. Nenda Tezo wewe, mchana, pawe na majirani. Sema ni mkono wa binti yako, na kwamba binti yako alijua akanyamaza. Usinipunguzie. Najua watakutazama wewe kana kwamba ndiwe uliyefanya, na hilo ndilo linaloninyima usingizi.

Nisalimie nyanya, mwambie dua zake nazihitaji. Mjomba Athumani na cherehani yake nawasalimu wote wawili. Dada Fatma anibusie mwanawe. Mama Kadzo naye nampa salamu, lakini usimfikishie kabla hajakusikiliza mpaka mwisho. Akizikataa, usinifiche.

Mwanao,
Mwanahawa