Kiraka Chini ya Rangi Nyeusi

Acha unachofanya unisome.

Si unaikumbuka pikipiki ya baba iliyoibiwa? Nimemtafutia kuukuu nyingine kama ile, imekosa tangi la mafuta tu. Nimehangaika kila kona, hakuna. Leo shemeji, mume wa dada, kaniletea tangi jeusi. Eti kalipata kwa muuza vyuma chakavu.

Nikakwangua rangi. Kikatokea kiraka cha shaba. Cha baba! Alikichomelea mwenyewe, mimi nikimshikia tangi.

Ni tangi LETU.

Nikamuuliza shemeji, muuzaji nani? "Wee, si umeshapata tangi? Lipake rangi." Lipake rangi! Hata usoni hakunitazama.

Sasa yeye na dada wako sebuleni na baba. Dada anacheka.

Baba ananiita: "Mwanangu, lete hilo tangi nilione."