Nani Anafuta Paneli za Makame

Alhamisi. Mawingu tangu alfajiri, rasharasha inanyesha huku Amani, na mie nimeketi kitandani na daftari. Nimo edani, sitoki, ndiyo maana naandika.

Ukweli ni kuwa tangu mume wangu alipofariki, kila asubuhi nnasikia hatua zake juu ya dari.

Msinicheke. Makame alikuwa fundi wa umeme wa jua, akifunga paneli katika mahoteli ya Kiwengwa, na zetu mbili kaziweka mwenyewe juu ya paa la zege. Kila kukicha alikuwa akipanda ngazi ya nyuma kuzifuta, kwa sababu vumbi na chumvi ya bahari huzuia mwanga, na paneli isiyopata mwanga haizalishi kitu. Mie nlidhani zinataka joto. Akanicheka mpaka akakohoa: "Mwanga, bibi we! Joto linazichosha tu."

Alipokufa nkangoja betri ishuke. Nani atafuta? Haikushuka. Taa ya kijani inawaka vile vile, feni inazunguka, na asubuhi champali zake, zile kandambili za mpira, zinaburuza juu ya kichwa changu. Dada yangu alikuja kunitazama akazisikia naye. "Pepo huyo! Uza hayo madude," akaniambia, akaondoka hata chai hakumaliza. Mie sikutaka kuuza, wala sikutaka kusomewa dua pepo aondoke. Nlikuwa nkilala nkingoja kukuche nimsikie.

Leo nimezisikia tena, na mvua inanyesha.

Hapo ndipo nlipoingiwa na baridi. Makame hakuwahi kufuta paneli siku ya mvua. Mvua inaosha yenyewe, akisema, kisha anavuta shuka.

Nkajitanda kanga, nkapanda.

Alikuwa mama yake. Bi Mboja, ambaye tangu siku ya hitima hajatia mguu ndani kwangu, na mie nkasema basi, mwanawe kafa, mie si kitu kwake tena. Kainama, karowa chapachapa, kavaa zile champali mwanawe alizoziwacha kwenye ngazi, anasugua kioo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Rudi ndani, mwanangu, utashikwa na homa." Hakugeuka. "Nyumba ya Makame haitoingia kiza na mie nipo."

"Mbona huingii basi?"

"Ndani hayumo," akasema. "Huku juu, nkishika kitambaa, naona kama nnamsaidia."

Nkamwambia mvua inaosha, Makame ndivyo alivyokuwa akisema. Akaniangalia, akalia, na namna alivyolia! Kisha akachana kitambaa vipande viwili, kimoja akanipa. Tukafuta paneli zinazooshwa na mvua, mpaka ikaanuka.

Sasa najua si yeye. Leo ndo kwanza nimefiwa.

Bi Mboja kasema kesho atakuja tena. Ntalala, kutakucha, ntasikia champali. Ya Rabbi, mbona natamani nisingepanda ile ngazi?