Mkono wa Kulia Juu

Baba yangu Shen Boyan,

Shikamoo. Mapeasi yamefika salama. Kile kikohozi kimepungua?

Jana asubuhi, mbele ya baraza zima, nilimwinamia Waziri Lu nikaweka mkono wa kulia juu ya wa kushoto, kama mama alivyonifundisha utotoni. Miaka sita navaa joho la kiume na jina la marehemu kaka, halafu mikono inanisaliti!

Lu, yule mzee mwenye macho ya paka, akacheka. "We bwana mdogo, mbona unasalimu kama mwali?"

Unajua, baba, mwanamume huweka wa kulia juu akiwa amefiwa tu. Nikaanguka magotini nikaangua kilio. "Nimefiwa na baba, mheshimiwa! Habari imenifikia alfajiri."

Sheria ni sheria: nimepewa ruhusa ya miaka mitatu nije nikuomboleze. Lakini Lu hakuridhika. Anatuma mtu wake tufuatane, eti akufukizie udi. Tutafika siku tano baada ya barua hii.

Lile jeneza ulilojichongea liweke sebuleni. Nisamehe, baba. Ukisikia farasi wetu, ingia ulale.

Na tafadhali, usikohoe.

Mfiwa wako,
binti yako